Kibao cha Laini ya Saba

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, langoni mwa kiwanda cha nguo kule Miritini, wanawake wapata mia mbili walikuwa wanasukumana. Malori yalipita nyuma yao yakipiga honi, vumbi likawakalia vichwani, na hakuna aliyegeuka. Wote walikuwa wanamtazama Nicanor.

Nicanor alikuwa msimamizi wa laini ya saba. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mrefu, shati jeupe limepigwa pasi hadi linakaribia kusimama lenyewe, viatu vinang'aa, kalamu juu ya sikio. Alitoka Busia akiwa kijana, akaanza kwa kubeba marobota, na sasa alikuwa ananyoosha kidole na mtu anapata kazi. Kidole hicho alikipenda sana.

"Nataka mmoja tu, wa kushona mishipi!" alisema. "Wewe wa kitambaa chekundu. Ingia."

Wenye vitambaa vyekundu walikuwa wawili. Aliyeingia siye aliyeitwa.

"Si wewe," Nicanor alisema. "Namwita huyo nyuma yako, mwenye mwili. Wewe feni za humu zitakupeperusha."

"Nishaingia," msichana akajibu. "Ukitaka nitoke, nisukume mwenyewe."

Watu wakacheka. Yule wa nyuma akatukana. Nicanor akamtazama vizuri huyu mwembamba: sketi ya jinzi iliyopauka, blauzi ya maua madogo, shingo ndefu, na usoni hana hata chembe ya kuomba.

"Jina?"

"Pascalia."

"Pascalia, wajua kushona mshipi wa suruali, au wajua mdomo tu?"

"Nipe mashine kwanza. Mdomo utauona jioni."

Hivyo ndivyo walivyokutana. Kufika saa sita rundo la Pascalia lilikuwa limepita la Mishi, aliyekaa kwenye mashine ya jirani kwa miaka sita. Mishi alikuwa Mdigo wa Likoni, mnene, leso kiunoni, mdomo hautulii.

"Ee shoga, punguza mwendo," alimnong'oneza. "Watatuongezea hesabu sote kwa ajili yako."

Laini ilikuwa na mashine arubaini na kibao kimoja. Kibao kilikuwa kipande cha mbao chenye namba saba na uzi, kikining'inia kwenye meza ya msimamizi. Ukitaka kwenda chooni unakiomba, unakivaa shingoni, unakwenda, unakirudisha. Kabla hakijarudi hakuna mwingine anayeondoka. Ndiyo kazi ilivyokwenda pale, na watu walishajifunza kutokunywa maji.

Mapenzi yalianza wiki ya tatu. Jumapili moja baada ya misa Nicanor alimkuta Changamwe, kavaa gauni la zambarau lililomkaa kiunoni, hereni ndogo za shaba, viatu mkononi kwa sababu vilimbana.

"Bosi, leo huna kalamu sikioni," Pascalia alimwambia. "Nilidhani ulizaliwa nayo."

"Na wewe leo huna rundo la suruali. Kumbe una miguu."

Walikula viazi karai wamesimama, pilipili ikamtoa Nicanor machozi, Pascalia akacheka hadi akamshika mkono. Tangu siku hiyo Jumapili zote zilikuwa zao. Jioni waliongea kwenye simu hadi chaji iishe.

"Leo umenifokea mbele ya watu, laazizi."

"Lazima nikufokee, mamii. Nisipokufokea watasema nakupendelea."

"Basi nifokee, lakini usifurahie."

"Sifurahii."

Alikuwa anafurahia kidogo. Pascalia alilijua hilo, akaliacha lipite, kwa kuwa alimpenda.

Kulala naye alikataa. Alitoka kwa Wataita wa Wundanyi, Mkatoliki, na mama yake aliwahi kumwambia asije nyumbani na tumbo kabla ya pete. Nicanor alisema atangoja. Alisema Desemba atapanda milimani kumwona mama huyo, na Pascalia akaanza kuhesabu miezi.

Miezi ikafika minane. Ndipo ile kiu ikaingia.

Mwanzoni ilikuwa glasi moja zaidi. Kisha jagi. Kisha Pascalia akawa anainama kwenye bomba la kiwandani na kunywa kama ng'ombe. Akila alikula kama watu wawili, na bado sketi ilimteremka, akaifunga kwa pini. Sindano ya mashine ikaanza kuonekana mbili. Mishipi ikaenda upande. Na kibao alikiomba kila nusu saa.

"Huyu kashika," Mishi aliwaambia wenzake wakati wa chakula, kwa mzaha wake wa kila siku. "Mkojo, usingizi, na jana katapika. Mimi nimezaa wanne, naijua hiyo. Wallahi kashika."

Hakukusudia ubaya. Lakini maneno yalisafiri hadi kwenye meza ya msimamizi kabla ya saa nane, na jioni simu ya Pascalia ikalia.

"Haloo, mpenzi."

"Usiniite mpenzi. Niambie ni ya nani."

"Nini ya nani?"

"Mimba."

Pascalia alikuwa ameketi kitandani, jagi la maji mapajani. Ndege ikapita juu ya paa, maana chumba chake kilikuwa karibu na uwanja wa ndege, akangoja ipite.

"Nani kakwambia?"

"Laini nzima inajua. Kibao mara kumi na moja leo, Pascalia. Nimehesabu mwenyewe. Miezi minane nangoja kama mjinga, kumbe kuna mwenzangu hangojeshwi!"

Angeweza kusema sina mimba. Ni maneno mawili tu. Lakini alikuwa amechoka hadi mifupani, na mtu aliyempenda alikuwa anamwita malaya kwa hesabu ya safari za chooni. Kiburi kikampanda.

"Kama jibu unalo, mbona waniuliza?"

"Kwa hiyo ni kweli."

"Lala salama, bosi."

Jumatatu kulikuwa na kontena la kuondoka jioni. Nicanor alisimama mbele ya laini, shati jeupe, uso umefungwa.

"Leo mzigo ni mwingi," alisema. "Kila mtu kibao mara mbili, basi. Kuna mmoja hapa najua hazitamtosha. Shauri yake."

Saa nne Pascalia alikuwa amezimaliza zote mbili. Saa tano na nusu akaenda mezani, miguu imebanana.

"Bosi, naomba kibao."

"Zako zimekwisha."

"Nicanor, tafadhali."

"Hapa hakuna Nicanor. Rudi ushone."

"Sijiwezi."

"Basi mwambie aliyekutia hali hiyo aje akushikie."

Laini nzima ilisikia. Wawili watatu wakacheka, wengine wakainamisha vichwa. Pascalia akarudi, akaketi, akaweka mguu kwenye pedali. Alishona suruali tatu. Ya nne mkojo ulimtoka. Ulipita kwenye sketi, ukapita kwenye kiti cha mbao, ukadondoka sakafuni kwa sauti ambayo mashine hazikuificha, kwa kuwa moja baada ya nyingine zilikuwa zimezimwa.

Nicanor alikuja. Alitazama sakafu. Alitazama rundo la suruali kando yake.

"Sogezeni mzigo wa mteja usilowe," alisema. Wala hakuinua sauti.

Mishi ndiye aliyefungua leso yake kiunoni, akamzungushia Pascalia.

"We Nicanor si mtu," alisema. "Wallahi si mtu."

Pascalia akasimama, akapiga hatua mbili, akaanguka.

Walimbeba kwa gari la mizigo, juu ya mabaki ya vitambaa. Hospitali kipimo cha sukari hakikutoa hata namba, kiliandika tu kwamba imepita kiasi. Nicanor alikuwa amesimama mlangoni, kalamu bado iko sikioni, alipotoka muuguzi mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Aliitwa Salha.

"Wewe ni mumewe?"

"Ni... ni msimamizi wake. Mimba imetoka?"

"Mimba gani?"

"Si ana mimba?"

Salha alimtazama kama mtu anayetazama uchafu kwenye sinki.

"Huyu hana mimba, bwana. Huyu ana kisukari. Mwili umekauka, damu imeingia sumu. Mngemleta jioni ungekuwa unaulizia jeneza."

Siku ya tatu Pascalia alipata fahamu za kutosha kuelezwa. Salha hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Tumboni kuna kitu kinaitwa kongosho. Kinatengeneza insulini, ndiyo inayoingiza sukari mwilini ikawa nguvu. Chako kimeacha kazi. Hukula kitu kibaya, hukurogwa, hukukosea. Kimeacha tu."

"Kitapona lini?"

"Hakiponi. Utajichoma sindano asubuhi na jioni, kabla ya kula."

"Hadi lini?"

"Hadi ufe. Ukichoma, utakufa bibi kizee. Usipochoma, utakufa kabla ya mwezi huu kwisha. Haya, inua shati."

Pascalia alilia. Salha akamwachia dakika moja, kisha akamtia bomba la sindano mkononi.

"Lia, mwanangu, lakini ukilia shika hii. Finya nyama ya tumbo. Hapo. Ingiza. Usiifikirie, ingiza!"

Ilimchukua nusu saa kujichoma mara ya kwanza. Uji ulikuwa umepoa ukafanya ngozi.

Kiwandani jina lake lilikuwa limeshafutwa. Kibarua akilala hospitali, nafasi yake inalala na mtu mwingine. Alirudi chumbani kwake na mfuko wa dawa, akakuta habari imemtangulia.

"Sukari?" alisema Milcah, jirani wa chumba cha pili. "Wewe unayekula ugali na sukuma? Hiyo si ni ya wenye magari? Sema ukweli, dada, ni ile nyingine."

Siku iliyofuata Milcah alitoa kikombe chake bombani, akakificha ndani. Shangazi akapiga simu kutoka Wundanyi. "Usimwambie mtu," alisema. "Mwanamke wa sukari haolewi. Nani atataka mke wa sindano?" Akamtakia baraka za Mungu, akakata.

Friji hakuwa nayo. Salha alikuwa amemfundisha: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, kitambaa kibichi juu, na pembeni, mbali na jua. Dawa inakaa humo, inapoa. Pascalia alimwagia mchanga ule maji kila asubuhi. Alijifunza kubadilisha sehemu za kuchoma ili tumbo lisifanye mabonge. Alijifunza kukagua nyayo zake kwa kioo, na kula saa ile ile hata kama hana hamu. Aliyafanya yote kwa chuki. Aliuchukia mwili wake kama mtu anavyomchukia mpangaji mbaya asiyefukuzika.

Wiki ya nne aliamka anajisikia mzima. Mama mmoja wa maombi alikuwa amemwekea mikono kichwani jana yake, akamwambia imani na sindano havikai pamoja. Pascalia akaiacha dawa chunguni. Siku ya kwanza alicheka mwenyewe. Siku ya pili alitapika hadi nyongo. Mishi, aliyekuja kumletea ndizi, alimkuta sakafuni anahema, pumzi inanuka kama matunda yaliyooza. Akamburuta hadi barabarani, akasimamisha pikipiki, akamkalisha katikati na kumshikilia kwa nguvu.

"Mara ya pili," Salha alisema alipomwona. "Ya tatu sitakufokea. Nitaleta shuka tu."

Wodini, Mishi alikaa kando ya kitanda akivuta pindo la leso.

"Mimi ndiye niliyesema umeshika," alisema.

"Najua."

"Nilifanya mzaha."

"Najua, Mishi."

"Nitukane basi."

"Ulinifunga leso yako. Na sketi uliifua wewe." Pascalia aligeukia ukuta. "Kaa hapo. Usiongee."

Mishi alikaa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuongea. Wiki iliyofuata alimtafutia nafasi kwa fundi mmoja wa madera pale Changamwe, mahali ambapo mtu anakwenda chooni akitaka.

Nicanor naye alikuwa anapiga simu. Alipiga kila jioni saa ile ile ya zamani, na Pascalia alikaa akiitazama simu ikilia. Moyo ulimruka kila mara. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi kuliko sindano. Siku ya arubaini hivi akapokea.

"Pascalia? Ni wewe? Mamii..."

"Sema."

"Nisamehe. Sikujua ni ugonjwa. Naapa, ningejua ni ugonjwa ningekubeba mgongoni hadi chooni."

"Ulidhani ni nini?"

"Si nilidhani ni mimba."

"Kwa hiyo mwenye mimba ndiye anyimwe choo?"

Nicanor hakuwahi kulitazama jambo kutoka upande huo.

"Wivu ulinipofusha," alisema mwishowe. "Nilikuwa nakupenda."

"Chakula changu kinapoa," Pascalia akasema, akakata.

Hakuwa na chakula chochote kinachopoa. Aliweka simu chini ya mto, akaukalia mto.

Kliniki ya Salha ilikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Kila mgonjwa mpya alete mtu wake mmoja. Mtu huyo atafundishwa kuchoma, kupima, na kujua la kufanya sukari ikishuka, mgonjwa akianza kutetemeka na kusema ovyo. Jina lake linaandikwa ndani ya jalada la kadi, na siku mgonjwa akishindwa kujisemea, huyo ndiye anayesema. Wagonjwa walikuja saa moja asubuhi bila kula, na vibakuli vyao vya chakula mkononi.

Alhamisi hiyo benchi zilijaa. Pascalia alivaa dera jipya la kijani alilolishona mwenyewe, mashavu yameanza kurudi. Mishi alikuwa kando yake na kibakuli cha mbaazi na mhogo. Pascalia alipimwa, akachoma mwenyewe bila kukunja uso, Salha akatazama saa ya ukutani.

"Nusu saa, kisha ule. Haya, nani wako nimwandike?"

"Mimi hapa," ilisema sauti ya mlangoni.

Nicanor alikuwa amekonda. Shati halikupigwa pasi. Sikioni hakuna kalamu. Habari za kliniki na za chungu alizisikia kwenye laini, maana mdomo wa Mishi hautulii. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, akanyimwa, akaja hivyo hivyo.

"Mimi ndiye wake," alisema. "Niandike mimi. Nifundishe."

"Unaogopa sindano?" Salha aliuliza.

"Sana."

"Njoo."

Alimpa bomba lenye maji ya chumvi safi, akamwamuru ajichome tumboni mbele ya benchi zote. Jasho lilimtoka Nicanor kama maji. Wazee wakacheka. Alifinya, akafumba macho, akaingiza. Hakupiga kelele. Kisha akapiga goti pale pale sakafuni, shati limepanda.

"Pascalia, nataka kukuoa. Nilikukosea mbele ya watu, nakuomba mbele ya watu. Nitakuchoma, nitakupikia kwa saa, hicho chungu nitakimwagia maji mimi. Desemba bado ipo. Mama yako nitamwambia ukweli wote."

"Mwitikie, dada!" mama mmoja alisema kutoka nyuma. "Wanaume wenyewe wameadimika!"

Pascalia aliitazama saa. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano. Alimpenda bado. Alizipenda zile nyusi zake, na jinsi alivyoshika tumbo kama mtoto aliyeumwa na nyuki. Angeweza kuunyoosha mkono na kumgusa kichwa, na mkono wenyewe ulitaka.

"Inuka, Nicanor."

Akainuka.

"Nakuamini," Pascalia alisema. "Najua utafanya yote hayo. Siku ukiwa na furaha."

"Kila siku, mpenzi."

"Na siku nikikuudhi? Siku mtu akikwambia jambo juu yangu?"

"Sitakunyima kitu tena. Haki ya Mungu."

"Siku ile hukupandwa na hasira. Mtu aliyepandwa na hasira hupiga kelele. Wewe sauti hukuinua. Ulikaa na ufunguo wa mwili wangu, ukanitazama nikiungua, ukawaza suruali." Alizungumza polepole, bila machozi, kama anayepima kitambaa kabla ya kukata. "Zamani ningekurudia. Zamani ukininyima kitu ningelia, nikanuna, ingepita. Sasa kuninyima ni kuniua, Nicanor. Ukinifichia ile chupa ya dawa siku moja, nagaagaa. Siku tatu, wanizika. Sitalala na mtu anayeadhibu. Sina mwili wa kufanyia majaribio."

"Nimebadilika."

"Labda. Ukakae na mwanamke mzima, mwenye nguvu ya kungoja ajue kama ni kweli."

Nicanor alimgeukia Salha, kana kwamba angemtetea. Salha alikuwa amefungua jalada la kadi.

"Jina?" aliuliza.

"Mishi," Pascalia akasema. "Mwandike Mishi."

Nicanor alisimama kidogo, akishusha shati. Tone la damu lilikuwa limetokea kwenye kitambaa, dogo kama kichwa cha pini. Akatoka. Hakugeuka, maana alikuwa analia, na alikuwa mwanamume wa kujali kuonekana.

"Shoga," Mishi alinong'ona, "una hakika?"

"Sina."

"Basi mwite, hajafika hata langoni!"

"Nipe chakula. Saa imefika."

Mishi akafungua kibakuli. Pascalia akala mhogo, akala mbaazi. Machozi yalimjia tonge la tatu, yakamtiririka hadi kidevuni na kuingia kwenye mchuzi. Hakuacha kutafuna. Dawa ilikuwa imeshaingia, naye ilimbidi ale.